Taarifa ya Nang'awanga

Mtawanya, Mtwara
12 Januari 1975

Mwanangu Andrea,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na ile homa uliyotoka nayo jeshini imekuacha. Mimi nipo. Bega la kulia ndilo linalonisumbua, lakini msimu wa korosho umepamba moto na meli haingoji bega la kuli. Mama yako kaandika kutoka Usangi, wote wazima. Anauliza kama umeshaingia Chuo Kikuu. Sijamjibu.

Nilidhani ukimaliza mwaka wa Jeshi la Kujenga Taifa utakwenda Dar es Salaam moja kwa moja. Sasa redio inasema utaratibu umegeuka: kijana afanye kazi kwanza miaka miwili, halafu mahali pa kazi na tawi la Chama waandike kwamba huyu anafaa. Bila barua hizo mbili hakuna chuo, hata uwe na alama za namna gani. Makuli wenzangu walishangilia pale gatini. Wanasema wasomi walikuwa wanamaliza chuo hawajui jembe linashikwa upande gani. Mimi niliyeishia darasa la nne nasema utaratibu ni mzuri, ila ungeanza na mtoto wa mwingine.

Hicho kijiji cha Nang'awanga walikokupeleka kufundisha sikijui. Nimeambiwa ni kipya, huko bondeni karibu na mdomo wa Ruvuma. Ukifika, nenda kwa katibu wa tawi kabla hujatua sanduku. Yeye ndiye atakayekuandikia.

Baba yako


Nang'awanga
2 Machi 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Homa imekwisha, wamebaki mbu. Pole na bega. Paka mafuta ya nazi na mwombe nyapara akupe kazi ya kuhesabu magunia badala ya kubeba.

Nina wanafunzi hamsini na wanane na ubao mmoja. Watu hapa walihamishwa mwaka jana kutoka juu kwenye mikorosho yao. Sasa kwenda shambani ni mwendo wa saa mbili. Katibu, Ndugu Selemani, si mtu mbaya. Anachimba mitaro pamoja nasi na anacheka sana. Kusoma kwake ni kwa shida, kwa hiyo barua zote za kijiji naandika mimi.

Kuna mzee anaitwa Raimundo, alivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita na mkewe Zulmira. Juzi alinishika mkono akanionyesha majani makavu yaliyonasa juu ya miti, juu kuliko paa la shule.

"Mwalimu, nani aliyapandisha yale?"

Nikasema labda ni viota vya ndege. Alicheka mpaka akakohoa. "Ndege! Haya, mwalimu wetu, kafundishe." Kisha akaniambia ni mto. Hauji kila mwaka, ila ukija unapita hapa hapa tulipojenga.

Nilimweleza katibu. Akasema hayo ni maneno ya watu wanaotaka kurudi kwenye mikorosho yao. Nafikiri kuandika wilayani.

Mwanao Andrea


Mtawanya
21 Machi 1975

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia umepona. Huku mvua haijakatika, vyakula vimepanda, lakini hatujalala njaa.

Hilo la kuandika wilayani, acha. Nakuambia waziwazi kwa sababu mimi nimebeba mizigo ya watu miaka kumi na tisa na nimeona. Mwenzetu Filipo alisema mbele ya wakubwa kwamba waya wa winchi umechakaa. Siku ya pili yake wakamhamishia kufagia ghala, anafagia mpaka leo. Na waya wenyewe haujakatika.

Wewe una miaka miwili tu ya kukaa huko. Majani juu ya miti yalikuwepo kabla yako na yatakuwepo ukiondoka. Funga mdomo, fundisha, chimba mitaro, pata barua. Ukishakuwa mtu mkubwa utausema huo mto wako na watakusikiliza.

Baba yako


Nang'awanga
30 Oktoba 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Mimi mzima. Nimesikia bega limekulaza wiki tatu. Hilo liliniumiza zaidi kwa kuwa nililisikia kwa dereva wa lori.

Nimepata barua ya tawi. Nakueleza ilivyokuwa, halafu nawe uniambie kama nilifanya sawa.

Wilaya iliandika kuuliza kama eneo letu linafaa, ili walete zahanati. Katibu akaniita. "Ndugu mwalimu, tukisema kijiji kina kasoro, zahanati inakwenda kwa wengine. Na kikao cha kukujadili wewe ni Jumamosi. Andika." Aliyasema hayo bila kunitisha, kama mtu anayekukumbusha mwavuli. Akataja, nikaandika: eneo ni salama, halina historia ya mafuriko, wananchi wamelichagua wenyewe. Chini nikatia saini. Yeye akagonga mhuri.

Jumamosi kijiji kizima kilikaa. Mtu yeyote anaruhusiwa kusimama kukupinga. Hakusimama mtu. Wakanyoosha mikono, na Mzee Raimundo akanyoosha yote miwili, watu wakacheka. Akasema, "Mpelekeni akasome, arudi atusemee." Mama Zulmira akauliza kama chuo kina ghorofa. Nikasema zipo. "Basi lala ya juu, mwanangu, huko maji hayakufuati."

Hawajui nilichoandika.

Mwanao Andrea


Mtawanya
19 Novemba 1976

Mwanangu Andrea,

Bega limerudi kazini kabla yangu. Ulifanya sawa. Nimemwandikia mama yako, kanisani wamekuombea.

Mvua za mwaka huu zimeanza mapema. Wazee wa hapa wanaziangalia kwa wasiwasi. Barua yako ikija kutoka chuoni usingoje hata siku moja. Panda lori uje.

Baba yako


Nang'awanga
3 Machi 1977

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Maji yalikuja Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, tukiwa darasani. Hayakuja na kishindo, Baba. Yaliingia chini ya madawati na watoto wakayachezea. Niliwapandisha juu ya paa niliowaweza. Tumezika watu kumi na mmoja, wanne ni wanafunzi wangu. Anna, aliyekuwa anajua kugawanya kuliko wote, hatujampata. Mama Zulmira tulimkuta kwenye matete.

Tume ya uchunguzi ilikuja jana. Wakauliza nani alisema hapa ni salama. Ndugu Selemani alilia kweli, akasema, "Mimi si msomi. Nilimtegemea mwalimu." Wakaitoa ile taarifa tuliyopeleka wilayani na kuisoma kwa sauti mbele ya watu wote, mpaka kwenye jina langu.

Mzee Raimundo akaniuliza, "Mwalimu, hayo maneno ni yako?"

Nikasema mwandiko ni wangu.

"Sikuuliza mwandiko."

Barua yangu ya tawi wameichukua. Jumatatu lori litanipeleka Mtwara. Kwa nani, hawakusema. Nakuomba usiende ofisi yoyote. Usiseme uliniambia chochote. Mama na wadogo zangu wanakula kwa bega lako.

Mwanao Andrea


Mtawanya
18 Machi 1977

Mwanangu Andrea,

Sijui nikusalimie vipi. Barua yako imenifikia leo, Ijumaa, na Jumatatu uliyoitaja imeshapita, na nyingine baada yake nayo imepita. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya magunia. Nyapara akaniita, sikuinuka.

Nimekwenda ofisi tatu. Ya kwanza jina lako hawana. Ya pili wanasema lori la Nang'awanga halijafika wiki hii wala iliyopita. Ya tatu mtu mmoja alilitazama jina lako kwenye karatasi kwa muda mrefu, akafunga faili, akaniambia, "Mzee, nenda nyumbani." Sikwenda. Kesho narudi kwake.

Barua hii nampa dereva anayepeleka dawa huko kwenu. Kama upo, isome. Kama hupo, anayeifungua na aisome, hata kama ni mtu wa serikali, hasa kama ni mtu wa serikali.

Nilimwambia mwanangu afunge mdomo. Alitaka kuandika ukweli wilayani, Machi ya mwaka sabini na tano, mimi nikamzuia kwa mkono wangu huu. Yeye alikuwa kijana anayetafuta nafasi ya kusoma. Mimi nilikuwa mtu mzima. Kama kuna mahali pa kutia jina, naomba liandikwe langu: Josephu Senkondo, kuli, gati la Mtwara. Saa kumi na mbili asubuhi nipo getini, hamna haja ya kunitafuta.

Baba yako