Kila Mama Akiinuka

Jumatatu, 3 Machi
Mama kaanguka tena. Leo jikoni. Alikaa kwenye kigoda akichambua mchele, akainuka kufuata maji — puu! Nikaacha suruali ya mteja kwenye cherehani, nikakimbia. Nimemkuta chini, macho wazi, mchele umetapakaa kote. Eti giza tu lilimjia machoni. Halafu anataka kuokota mchele! Nikamkodolea macho. Kanigombeza: "Usiniangalie hivyo. Sijafa mimi, aliyekufa ni baba yako."
Nikaokota mchele mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi kaja. Kwake yeye ni huzuni tu, kaka yake hata miezi miwili hajamaliza kaburini. Mama apewe uji mzito, atapata nguvu. Mama kainuka kumsindikiza, kayumba mlangoni. Shangazi kamdaka, mkoba wake chini. Kauli ikageuka pale pale — kesho hospitali!

Jumatano, 5 Machi
Daktari ni binti mdogo, mpole. Kampima mama presha amelala, kisha kamsimamisha, kampima tena. Imeporomoka! Katueleza: mtu akisimama damu inakimbilia miguuni, mwili unatakiwa uisukume haraka irudi kichwani. Wa mama unachelewa. Kisha akataka kuona dawa zote anazokunywa.
Mama kafungua mkoba. Pakiti mbili. Zake za presha — na za baba! Za presha vilevile, tena kali zaidi.
"Hizi za nani, mama?"
"Za mume wangu. Tulikuwa tunameza pamoja kila asubuhi, mimi zangu, yeye zake. Sasa zake azimeze nani?"
Daktari kainamisha kichwa. Mimi nikatazama ukuta. Nyumba moja tunaishi, na sikujua!
Za baba zimebaki hospitali. Za mama zimepunguzwa. Anywe maji ya kutosha. Asikurupuke kitandani: akae kwanza ukingoni, achezeshe miguu, ndipo asimame huku kashika kitu.
Njia nzima mkoba kaukumbatia kifuani.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi kaweka glasi mbili za maji mezani. Kaziangalia. Kaondoa moja.
Nimejifungia kushona. Sijashona chochote.

Jumapili, 9 Machi
Hajaanguka tena! Jana nesi wa zahanati kampima: akisimama presha inashuka kidogo tu. Shangazi kapiga vigelegele kwenye simu, nusura anipasue sikio.
Leo mama kaamka, kakaa ukingoni mwa kitanda kama alivyofundishwa. Kachezesha miguu. Kanywa maji yote. Nikamuuliza kama anasikia kizunguzungu. Hapana. Giza machoni? Hapana, anaona vizuri tu.
"Haya mama, simama sasa. Polepole."
Kaniangalia.
"Nisimame niende wapi, mwanangu?"
Nimekaa kando yake, ndipo hapa ninapoandikia. Jua limeshafika miguuni kwetu. Mkono wake mmoja umeshika ukingo wa kitanda, mwingine umenishika goti —
Bado hajasimama.