Sauti Yako Ilipofika Kampemba

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa yaya Alphonse,

Amani iwe nawe, kaka yangu mkubwa, na iwe na wote walio chini ya paa lako huko Ndola. Presha yako imeshuka? Na wifi Olive, magoti yake bado yanamsumbua akipanda ngazi? Hapa tunapumua. Vumbi la kiangazi limetukausha makoo na tunasubiri mvua ya kwanza, lakini watoto wamerudi shuleni na mimi bado nauza makayabu yangu, samaki wale wa chumvi, sokoni.

Utashangaa kupata karatasi wakati namba yangu unayo. Nampa barua hii Kambale, yule mtu wa Butembo mwenye depo nyuma ya meza yangu. Lori lake linapita mpaka wa Mokambo kesho, na ameahidi kukukabidhi mkononi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya watoto.

Mwezi wa saba nilikuambia kwamba Elisée, mdogo wetu, ameanguka na pikipiki. Nilikudanganya. Hakuna pikipiki. Watu walimpiga, yaya, mchana kweupe, na Caleb aliyefanya naye kazi walimuua. Nimekaa na jambo hili miezi miwili na sasa halinikai tena.

Caleb hukumfahamu vizuri. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kigugumizi kidogo. Elisée alimfundisha kutengeneza simu, na mwishowe mkono wake ukawa mwepesi kuliko wa mwalimu wake. Walikaa wawili katika kile kibanda cha karibu na soko, na kompyuta moja ya zamani katikati yao. Kwenye kompyuta hiyo Elisée alikuwa na mlango mmoja wa kuingilia internet wenye alama ya kitunguu. Aliutumia kutafuta michoro ya ndani ya simu, kwa sababu kurasa nyingi zenye michoro hiyo zinakataa kumfungukia mtu wa nchi yetu. Kitunguu kinaficha unapotoka, basi zinamfungukia. Hakuwahi kumficha mteja jambo hilo. Akiulizwa alieleza, tena kwa maneno mengi, unavyomjua.

Sasa kumbuka mwezi wa sita. Ulikuwa umetoka kwenye semina, ukatutumia sauti katika kundi la familia, dakika sita nzima. Ulisema chini ya internet tunayoijua kuna nyingine ya giza, ambamo watu huingia bila jina wala uso, na humo wanauzwa watoto, figo, silaha. Ulisema mlango wake una alama ya kitunguu. Ukatuomba tuangalie simu za watoto wetu. Na mwishoni ulisema si kila anayepita mlango huo ni mtu mbaya, wengine wanajificha kwa sababu wanaogopa, na kabla ya kumhukumu mtu tumuulize kwanza. Ulisema hivyo. Nimeisikiliza mara nyingi, nashuhudia.

Ilitoka nje ya familia kwa mkono wangu. Niliipeleka katika kundi la mamans wa sokoni, kwa sababu nilijivuna. Nilitaka wasikie jinsi kaka yangu wa Ndola anavyosema vizuri. Wakaipenda, wakaipeleka mbele. Baada ya wiki mbili ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, ikiwa imekatwa. Dakika sita zilikuwa zimebaki sekunde arobaini: watoto, figo, kitunguu. Pale pa kuuliza kwanza palikuwa pameondoka. Niliona, yaya. Nikasema moyoni haya ni mambo ya simu tu, yatapita. Sikusema neno kwa mtu.

Jumamosi tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba, asubuhi, picha ikaanza kuzunguka. Kibanda cha Elisée, kompyuta iko wazi, kitunguu kinaonekana. Chini yake pameandikwa kwamba Keren, binti wa maman Kapinga, ameuzwa kutoka hapo. Aliyeiweka alitumia akaunti isiyo na jina, yenye picha ya simba. Fikiria jambo hili. Elisée aliyesemwa kuwa anajificha, jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa kibanda chake kwa rangi nyekundu, pamoja na namba yake. Aliyemshitaki hatumjui mpaka leo.

Kapinga anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni kweli Keren alikuwa haonekani tangu shule zifungwe. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mama yake.

Saa tano nilisikia kelele zikitoka upande wa barabara. Nilidhani wamemshika mwizi. Kisha mwanamke mmoja akapita akikimbia na fimbo, akaniambia, "Maman Edith, kuya! Bamepata ule anauzisha batoto!" Niliacha meza yangu wazi nikakimbia.

Nilipofika, Caleb alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kusema nao, lakini unajua nilivyokuambia, ulimi wake ulikuwa mzito, na hofu iliuzidisha. "Mu-mu-mu," alisema, na mtu mmoja akacheka, akapiga kelele, "Anashindwa kujibu!" Hapo wakampiga kwa chuma cha ujenzi hapa juu ya sikio. Sikuwahi kujua kichwa cha mtu kinatoa sauti ya namna ile. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, akashika ukuta. Wakampiga tena akiwa amekaa. Kisha walipita juu yake kuingia ndani, mmoja baada ya mwingine, viatu vyao vikikanyaga kifua chake. Wengine nawajua. Nimewauzia samaki.

Elisée walimtoa chini ya meza kwa mguu. Alishika mguu wa meza, wakamkanyaga vidole mpaka akaachia. Walimpiga kwa matofali, kwa mikanda, kwa zile simu za wateja zilizokuwa mezani. Kipande cha tofali kiliingia jicho la kushoto. Nilikuwa napiga kelele, "Mumuache! Iko ndugu yangu!" na sauti yangu haikufika hata kwa aliyekuwa mbele yangu.

Kwa sababu sauti nyingine ilikuwa inasikika. Mwanamke mmoja alikuwa amepanda juu ya kiti, ameshika redio kubwa ya kuunganisha na simu. Alikuwa anairudia ile sauti yako. Sekunde arobaini, kisha mwanzo tena. "Ukiona kitunguu, ndugu zangu, ujue mlango huo ni wa kuuza watu." Ulikuwa wewe, yaya. Hata kikohozi chako kidogo kilikuwamo. Na kila ulipofika mwisho, watu waliitika kama kanisani, wakapiga.

Walimvisha tairi. Petroli ilimwagwa kutoka chupa ya maji. Sijui nilipitaje katikati ya miguu, ila nilijikuta nimemlalia, na petroli imeingia machoni na mdomoni mwangu. Walinivuta nywele, walinipiga teke la mbavu, sikumwachia. Elisée alikuwa ananong'ona sikioni mwangu. Hakulia. Aliniuliza, "Ile njo yaya? Njo yaya anasema?"

Nilimwambia hapana, si wewe. Huo ndio uongo wangu wa kwanza.

Kijana mwenye kiberiti aliniambia nitoke au niungue naye. Alikuwa ameshawasha kijiti kimoja na upepo ukakizima. Alikuwa anatoa cha pili Kapinga alipofika. Alitoka kwenye mazoezi ya kwaya, bado ana kitabu cha nyimbo kwapani. Mtu alikuwa amemwambia njiani kwamba mtoto wake ameuzwa.

"Mutoto wangu iko Sakania!" alisema. "Iko kwa nkambo yake. Ni mi mwenyewe nilimupeleka. Nani aliniulizaka? Nani?"

Walisema amelipwa. Mzee mmoja mwenye heshima zake, ninayemwona kila Jumapili, akampiga kofi mpaka kitabu kikaanguka. Kapinga hakukiokota. Alitoa simu yake, akaweka sauti ya juu, akaiinua. Ikalia, ikalia, ikakatika. Yule kijana akapiga kijiti kwenye kiberiti. Kapinga akaupiga mkono wake, kijiti kikaanguka kwenye mchanga hatua moja kutoka petroli, na akapiga simu tena. Safari hii ikapokelewa.

"Maman?" ilikuwa sauti ya Keren. "Maman, nkambo anasema ulete sabuni."

Keren akaendelea kueleza bibi yake anataka sabuni gani. Kapinga alikuwa analia, akizungusha simu mbele ya nyuso zao, moja baada ya nyingine. Watu wa nyuma walianza kuondoka, kisha wa katikati. Yule kijana alitia kiberiti mfukoni akaenda zake, hakukimbia. Mwanamke wa redio alishuka kwenye kiti akakirudisha mahali pake. Hakuna aliyesema pole. Dakika kumi baadaye tulibaki sisi watatu, na Caleb mlangoni ameshakata roho.

Jicho la Elisée walilitoa siku iliyofuata. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Caleb tulimzika Jumanne. Baba yake, papa Constantin, alishika mkono wangu kaburini akanishukuru kwa kwenda kuwatetea. Yaya, nilitamani ardhi inimeze pamoja na lile jeneza. Polisi waliwashika watu watano, wanne wamesharudi nyumbani. Mmoja wao ananisalimu nikipita, nami namwitikia, kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Elisée alijua tangu siku ile kwamba ni wewe. Sauti ya mtu aliyekufundisha kusoma huwezi kuikosea. Daktari alimkataza kuongea, lakini neno lake la kwanza kwangu hospitalini lilikuwa kwamba usiambiwe, kwamba itakuua. Ndiyo pikipiki ikazaliwa. Na ndiyo sababu kila unapopiga, nakuambia amelala au ametoka. Hajatoka. Simu ikilia na jina lako likionekana, anainuka anakwenda kusimama uani mpaka nimalize. Mara ya mwisho uliniuliza umemkosea nini. Nilisema mtandao mbaya, nikakata.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu zile sekunde arobaini hazijafa. Wiki iliyopita Kapinga alinipigia kutoka Sakania, alikokwenda kumchukua Keren; ameisikia huko, na watu wameanza kumshuku fundi mmoja wa simu. Nimeandika katika kundi la mamans kwamba ni uongo, kwamba imekatwa. Wanajibu kwa kunitumia hiyohiyo. Maneno yangu hayatoshi, mimi ni muuza samaki. Wanayemwamini ni wewe. Nakuomba urekodi upya, kwa sauti ileile, useme jina lako, useme palipokatwa, umtaje Caleb. Usiseme kitunguu hakina ubaya wowote, kwa sababu hata Elisée anakubali kwamba humo mna watu wabaya. Sema tu kwamba ulisema tuulize kwanza, na hatukuuliza.

Kabla sijaandika nilimwambia Elisée ukweli wangu pia, kwamba aliyeipeleka sokoni ni mimi. Hakupaza sauti. Siku mbili hakula chakula changu, alinunua mkate akala peke yake. Jana jioni, kabla giza halijaingia, alikuja jikoni akachukua sahani yake mwenyewe, akajipakulia bukari, ugali wangu alioukataa siku mbili, akakaa. Nilimwambia nakuandikia. Aliuliza kama nimeandika yote. Nikasema yote. Alimaliza kula, kisha akasema, nami naandika alivyosema:

"Umuambie yaya akuye. Ku simu siweze. Akuye akae hapa aseme nami, nione kinywa yake. Pengine ile sauti itarudia kuwa yake."

Basi njoo, yaya. Sauti uirekodi kwanza, usichelewe, kisha njoo. Usiogope mlango wetu. Nami usinihurumie katika majibu yako, niandikie unachofikiri kweli.

Nisalimie wifi Olive, na Abigaëlle na mitihani yake, na Rodrigue kama bado yuko kwenu. Kapinga anakusalimu, na Keren pia, ambaye amerudi na amekua. Mungu akushike vizuri siku utakapoisoma hii, na akulete salama kupitia Mokambo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda leo kama jana,

Edith