Furu Mnene wa Goziba

Jumatano, Nshambya

Leo daktari wa samaki amenifokea mbele ya watu. Mimi, niliyevuka Mto Kagera wakati wa vita, mabomu yakilia na mbuzi mzima begani, nafokewa kwa ajili ya samaki!

Huyu daktari wetu hupasua samaki waliokufa ajue kilichowaua, na hao furu wachache ambao sangara hawajawamaliza anawazalisha kwenye matangi. Nilimletea furu dume kutoka kisiwa cha Goziba, mnene, anang'aa. Nikamtumbukiza moja kwa moja kwa majike.

"Ta Kato! Nimeshampima huyo?"

"Dokta, si umwone alivyonona."

"Hata niliyempasua jana alikuwa amenona."

Akamtoa, akamtenga peke yake.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka Mugisha. Mugisha, mtoto wa marehemu kaka yangu, naye ametoka kambi za wavuvi huko Goziba, amenona vilevile. Jumamosi anaoa. Binti nimemtafuta mimi, kule kijijini Kagoma. Juzi mama wa binti aliniuliza, "Ta, na huu ugonjwa wa Juliana, huu Ukimwi, kijana ni mzima kweli?"

"Huyo? Anabeba mtumbwi kichwani peke yake!"

Wakacheka wote, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Hata kumwuliza Mugisha sikumwuliza.

Nikisema apimwe kwanza, harusi inaweza kuvunjika na ukoo mzima utanisema. Nisiposema, yule binti...

Kesho nitamwambia Mugisha twende mjini kununua viatu vya harusi. Uongo huo hautanishinda. Ila tukifika mlangoni pa hospitali itabidi niseme kweli, na hapo sijui watu huanzaje.