Mpiganaji wa Udongo na Mfuko wa Vifuniko

Dada Asha mpendwa,

Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri, nitasimama mbele ya watu wanane katika chumba kimoja cha mtaa wa Rohero ili nimtambulishe mtu ambaye hayupo duniani. Ndiyo desturi ya meza yao. Mgeni hapewi kiti cha kudumu mpaka asimame na kueleza mhusika wake ni nani, anapiganaje, na ametoka wapi. Swali la mwisho ndilo lililonikwamisha, kwa sababu jibu lake ni wewe. Nimeomba ruhusa ya kulijibu kwa kuwasomea barua niliyokuandikia, na wamekubali. Kwa hiyo utaniwia radhi nikieleza mambo unayoyajua. Wapo wanaonisikiliza ambao hawakuwa nasi Carama, mtaa wetu wa utotoni.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na miwili. Ulirudi kutoka shule ya bweni na kijitabu cha mchezo kilichotolewa fotokopi, cha Kifaransa, kilichoanzia ukurasa wa tisa. Ukatueleza kwamba ni mchezo usio na ubao: mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja ana mhusika aliyemtunga, na jambo likiwa na shaka, bahati ndiyo inayoamua. Meza yetu ilikuwa mlango wa kabati uliolazwa juu ya kreti mbili za soda. Tulikuwa wanne: wewe msimulizi, mimi, binamu yetu Idi, na Chantal wa nyumba ya pili. Kijitabu kilitaka dadu yenye nyuso ishirini, na dadu ya namna hiyo hatukuwa tumeiona. Ukakusanya vifuniko ishirini vya chupa za soda, ukakwaruza namba ndani yake kwa msumari, ukavitia katika mfuko wa kitambaa. Mtu alivuta kifuniko, namba yake ikawa bahati yake.

Unakumbuka tulivyowatunga wapiganaji wetu? Kijitabu kilikuwa na sura moja nzima juu ya watu wanaopigana kwa mikono mitupu, kila mmoja akiwa amefungamana na asili moja: moto, maji, upepo au udongo. Ulikuwa bado hujamaliza kuisoma, Idi akaruka juu.

"Mi niko moto! Nachoma wote!"

Chantal akachukua upepo bila kelele. Nami nikasema nataka moto vilevile.

"Apana," ukasema. "Moto iko na mwenyewe tayari. We Halima, ukikasirika unafanya nini?"

Nikafikiri. "Nanyamaza."

"Basi we ni udongo."

"Udongo!" Idi akaanguka kwa kicheko. "Atapigana na mihogo!"

Nililia, dada. Wewe hukunibembeleza. Ulivuta karatasi yangu, ukaanza kuniuliza maswali kana kwamba unamwandikisha mtoto shule. Mutu huyu anavaa viatu? Nikasema hapana, anataka kuhisi ardhi. Nani alimufundisha? Nikasema bibi mmoja aliyefinyanga vyungu. Anapumua vipi kabla ya kupiga? Sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa hivyo kuhusu kiumbe aliyetoka kichwani mwake dakika kumi zilizopita. Nilijibu yote, machozi yakakauka katikati ya majibu. Ulimpa nguvu kumi na mbili, wepesi nne. Nikamwita Sakina.

Kisha ukatangaza sheria ambayo nimeishi nayo hadi leo. Kifuniko kikishatoka hakirudi mfukoni mpaka mfuko uishe. Ulisema hivyo ukiwa umeshika kijitabu wazi mkononi, na sote tuliamini unasoma.

Idi hakuijali sheria hiyo. Mimi niliigeuza kuwa mtindo wa kupigana. Namba ndogo zilipotoka nilizitazama zikilala mezani, nikajua hizo zimekwisha, hazina tena uwezo wa kunidhuru. Sakina akawa mpiganaji wa kungoja. Alikanyaga, akajilinda, akaacha moto na upepo wahangaike, na mfuko ulipokaribia kwisha ndipo alipopiga. Siku ile ya daraja, jitu la mawe lilikuwa limekwisha kuwaangusha wenzangu wawili, na mfukoni vilibaki vifuniko vitatu tu. Nilijua ni vipi: kumi na saba, kumi na nane na ishirini. Sakina akapiga ardhi kwa kiganja, daraja likapasuka, jitu likaenda na maji.

"We mwizi!" Idi akapiga kelele. "Ulijua!"

"Hakuiba," ukamwambia. "Alihesabu. Na we ungehesabu, ungefunga kinywa."

Sijui kama uliwahi kutambua jinsi nilivyoibeba sheria hiyo nje ya mchezo. Niliposhindwa mtihani wa taifa mara ya kwanza, nilijiambia: hiyo ilikuwa tatu, imeshatoka. Niliposhindwa mara ya pili nilijiambia: hiyo ilikuwa tano. Nilikwenda mara ya tatu kwa utulivu uliomshangaza mama, nikafaulu. Nimesoma sheria, nimekuwa wakili, nimekaa miaka mingi nikingojea kesi ngumu zigeuke, na kila lilipotokea baya, mahali fulani ndani yangu niliona kifuniko kikilala mezani kwa mara ya mwisho.

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja alinipeleka kwenye meza hii ya Rohero. Nilikwenda na Sakina, kwenye karatasi ileile uliyoiandika. Walinipa dadu halisi, ya kijani, yenye nyuso ishirini, na niliigeuza mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Tukacheza. Nikapata tatu. Nikapata tano, kisha mbili, kisha nne. Nilifurahi, dada! Nikamgeukia jirani yangu nikamwambia: sasa zimebaki kubwa.

Dieudonné, kijana anayesimamia mchezo, akaweka kalamu chini kwa upole, akaniita kwa cheo cha wakili.

"Maître, samahani. Hii dé haikumbuki kitu. Kila mara inaanza upya."

"Haiwezekani itoe ndogo tena," nikasema.

"Jaribu."

Nikatupa. Mbili. Sakina akateleza akaingia bondeni, na mtu mmoja upande wa dirishani akasema, "Maître, huku dé haisikilizi plaidoirie!" Wakacheka kwamba nimeitolea dadu hoja za kiwakili kama niko mahakamani, nami nikacheka, maana ilikuwa haki yao. Lakini mchezo ulipokwisha Dieudonné aliniambia jambo ambalo halikunichekesha. Mpiganaji wangu, alisema, amejengwa kwa ajili ya mfuko, na kwao hakuna mfuko. Atakufa katika kila pambano. Ama nimjenge upya, ama nimwache nitunge mwingine, na alinipa mpaka Jumamosi hii.

Nilikupigia simu siku iliyofuata. Nilikuuliza kama sheria ya mfuko ilitoka kitabuni au uliitunga mwenyewe.

"Mufuko gani?" ukauliza.

"Ya vifuniko, dada. Ya kutorudisha."

Ukacheka kicheko chako kilekile. "Mama we! Mi nilikuwa nasema tu. Labda sikutaka mugombane. Labda nilichoka kurudisha vifuniko, mi najua?" Kisha kengele ikalia huko Bruxelles, mmoja wa wazee unaowauguza alikuhitaji, ukakata simu.

Nataka uelewe nilivyobaki nimeshika simu. Sikuumia kama nilivyotarajia. Nilishikwa na udadisi ambao haujaniachia hadi sasa. Nilimwomba Dieudonné kitabu kamili, nikakuta sheria ya dadu katika ukurasa wa sita, ambao sisi hatukuwa nao. Hapo hapana neno lolote la kungoja wala la kutorudisha. Zaidi ya hayo, mpiganaji wa udongo wa kitabuni hafanani na Sakina hata kidogo: ni mwepesi, anarusha mawe, anakimbia juu ya kuta. Kumbe yote niliyoyaita udongo hayakutoka ardhini wala kitabuni. Yalitoka kwa msichana wa miaka kumi na sita aliyemtazama mdogo wake, akaona kimya chake, akakipa jina. Uliona nini, dada? Uliniona jinsi nilivyokuwa, au ulinifanya niwe hivyo kwa kuniambia? Nimehoji mashahidi wengi katika maisha yangu, na hili sijui nimwulize nani, kwa kuwa shahidi pekee amesahau.

Basi nikaamua kuchunguza mwenyewe. Asubuhi nne mfululizo, kabla ya kwenda kazini, nimekaa na karatasi tupu. Siku ya kwanza nilimwandika Sakina wa moto, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunikataza. Nilishangaa jinsi alivyokuja kwa urahisi. Niliitambua sauti yake, ni ile ninayoitumia mahakamani mtu mnyonge anapodhulumiwa. Siku ya pili nilimwandika wa maji, mwenye kugeuza nguvu za adui zimrudie. Siku ya tatu wa upepo. Huyo nilimchana, hakuwa na lolote langu. Siku ya nne nilijiuliza swali lako: ukikasirika unafanya nini? Nikajibu kwa uaminifu kwamba siku hizi ninasema. Kwa hiyo ile sababu iliyokufanya unipe udongo haipo tena.

Nikatoka nje nikiwa na hilo kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, na jirani alikuwa amepita katika shamba lake la maharage kabla yangu. Nyayo zake zilikuwa pale, moja baada ya moja, nzito, zikianza kukauka. Nilichuchumaa kuzitazama mpaka mwenyewe akaniuliza, "Mama Halima, umeangusha nini?" Nikamwambia hapana, ninasoma.

Huyu hapa, basi, Sakina mpya, bado wa udongo, nami ninamweleza kwa wote wanaonisikia. Nguvu zake nimezipunguza mpaka kumi, wepesi nimeupandisha mpaka sita. Hangoji tena. Anaingia katika pambano tangu mwanzo, naye ana uwezo mmoja wa pekee ambao ninaomba meza iukubali: kila dadu inapomwangusha, anaacha unyayo mmoja ardhini. Akifikisha nyayo tano, anaweza kupiga pigo moja bila kutupa dadu kabisa. Dadu haikumbuki kitu, Dieudonné alisema kweli. Kwa hiyo kazi ya kukumbuka nimempa yeye. Lakini kila unyayo unampunguzia pointi moja ya nguvu, na haruhusiwi kurudi nyuma kuzikanyaga nyayo zake. Anaweza kufa akiwa na nyayo nne. Mfuko wako ulikuwa umeniahidi kitu, dada, na nyayo hizi haziahidi chochote. Nimejaribu mapambano kumi jikoni peke yangu. Katika manne amekufa mapema, na katika moja alishinda hata kabla ya unyayo wa tatu, nikacheka hadi chai ikapoa.

Sikuandikii kukulaumu. Kama uliitunga sheria ile kwa huruma, nakushukuru. Kama uliitunga kwa uvivu wa kurudisha vifuniko, nakushukuru vilevile, maana iliniinua siku ambazo kitu cha kweli zaidi kisingeniinua. Na wala sitaki ujilazimishe kukumbuka. Nilitaka tu ujue kwamba ulipokuwa ukisema tu, palikuwa na mtu anasikiliza.

Chini ya karatasi ya mhusika pana mstari wa jina la aliyemtunga. Kwenye ile ya zamani jina lililopo ni lako, kwa mwandiko wako wa shule. Kwenye hii nimeandika langu peke yake. Nilisita, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kisha nikaliandika lote, jina na ubini. Wenzangu watapiga kura nikimaliza kusoma. Wakimkubali, tutaanza papo hapo, na akianguka, litakuwa kosa langu mwenyewe. Nina hamu kubwa ya kuona ataangukaje.

Ukae salama huko uliko, na wazee wako wakupe dakika ya kuketi.

Mdogo wako,
Halima