Neno la Mwalimu kwa Wakesho

Jumatatu, 3 Mei 1999

Nimeinua risiva, mlio upo. Nimefungua madirisha. Nimechemsha chai. Ndio mpangilio wangu wa kila asubuhi, simu kwanza. Miaka ishirini na minne ya kuunganisha watu kwenye eksichenji ya simu haitoki mwilini eti kwa sababu mtu amestaafu.

Wiki ya tatu katika nyumba hii ya Voi. Joto linanitoa jasho mpaka kwenye kope. Kule Wundanyi saa hizi ningekuwa nimevaa sweta, na ukungu umesimama mlangoni. Lakini magoti ya mume wangu, Mwalimu, yamekataa milima. Na mwenye nyumba aliposema kuna laini ya simu ya tangu zamani, nilikubali kabla hata sijaona choo.

Kompyuta aliyotuma binti yetu Wakesho iko chumba kidogo. Nimeifunika kitambaa cha kufuma. Mwalimu anakiondoa, mimi nakirudisha.

Jumatano, 5 Mei

Wakesho amepiga kutoka Kanada. Dakika tatu. Hospitali yake inamtaka asaini miaka mitano mingine ya uuguzi. Jibu linatakiwa Ijumaa ya tarehe 21, mwisho. Akisaini anabaki. Asiposaini, Agosti yuko nyumbani.

Nikafungua mdomo. Akanikatiza. "Mama, wewe najua utaniambia nirudi. Nataka neno la Baba. La Baba mwenyewe."

Mwalimu hajasikia sauti ndani ya simu miaka sita. Masikio yake yalizima polepole, kwanza ndege, kisha watoto wa shule, mwisho mimi. Sasa mimi naandika kwenye daftari, yeye ananijibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kama yuko paredi.

Nilimwandikia yote. Nikasema nitampelekea Wakesho jibu lake kwa simu. Akakataa, eti nitalitia sukari. Barua ni wiki tatu. Telegramu hataki, anasema ni ya misiba, mtoto atazimia kabla hajaifungua. Faksi ya mjini pia hataki. Karani wa pale alikuwa mwanafunzi wake, na ni mdaku tangu darasa la nne. Basi imebaki imeli, barua ya kompyuta, na imeli inapita kwenye laini hii ya simu.

Siku kumi na sita. Namtaka mtoto wangu nyumbani. Nimeandika.

Jumamosi, 8 Mei

Fundi Salim amekuja baada ya sala ya alasiri. Anatengeneza redio karibu na msikiti. Amezaliwa hapa Voi na babake pia, lakini Kiswahili chake ni cha Mombasa kabisa. Watu wanasema modemu anazijua.

Akachomeka modemu, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ukutani. Kikaimba. Hakuna kitu. Kikaimba tena. Mimi ndiye niliyegundua. Kisanduku kinapiga namba kwa milio ya kisasa, na laini hii ni mzee mwenzetu, inataka kuhesabiwa kwa mapigo, tik tik tik, kama simu ya kuzungusha. Salim akabadilisha kitu kwenye kompyuta, na mara nikayasikia. Nikayahesabu kwa sikio, namba yote ya Mombasa, bila kukosea hata moja. Nilifurahi kama msichana.

"Mashallah, Mama Wakesho," akasema. "Kumbe fundi ndiwe wewe."

Nimejivuna jioni nzima. Nikiwa jikoni na chai yake, laini ikashika, barua ya majaribio ikaenda.

Jumanne, 11 Mei

Imekata. Mara nne.

Mwalimu anaweka kiganja juu ya modemu, ndivyo anavyojua inapiga. Inapiga, inalia kama paka amekanyagwa, inanyamaza, na hapo hapo taa zinazimika. Kila iliponyamaza nilikwenda sebuleni nikainua risiva, nikasikiliza laini ina nini. Kelele kama mvua juu ya mabati, basi. Laini ya simu mbovu naijua.

Ijumaa, 14 Mei

Salim tena, baada ya sala ya Ijumaa. Amebadilisha waya kutoka kwenye nguzo hadi ndani. Wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu, akanionyesha. Amejaribu mara tatu, imeshika mara tatu. Nilikuwa jikoni nikimkaangia mahamri.

Ameondoka. Imekata. Nimemkasirikia Salim, nimekasirikia mwenye nyumba, nimekasirikia hata nguzo. Mwalimu ameketi mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri kama mtu wa benchi ya daktari. Nimemwonea huruma, na wakati huo huo nikapata hasira naye. Jibu lenyewe si neno moja tu?

Jumapili, 16 Mei

Kanisani, kisha kulala. Nimeota Taveta, nilikokuwa nikifanya kazi.

Eksichenji ilikuwa chumba kimoja, bodi moja ya kuunganishia simu, nyaya zenye vichwa vya shaba. Siku ya soko ilikuwa vita. Wafanyabiashara wa mahindi na maharagwe wa Njukini wote wanaitaka Mombasa saa moja ile ile. Niliwajua kwa kikohozi. Mmoja wa Mahoo alikuwa anapiga kila mwisho wa mwezi kwa mkewe aliyekuwa bandarini, na kila mwisho wa mwezi walianza kwa kugombana. Nilikuwa nawapa dakika moja ya bure ili wamalize kwa amani.

Wakesho alilala chini ya bodi ndani ya katoni ya sabuni. Sikuwa na yaya. Akilia, wateja walimsikia. Wa Njukini waliuliza, "Leo anataka nini huyo mdogo?" Nusu ya wilaya ilimlea mtoto wangu kwa simu, na hakuna aliyemwona sura. Siku zile nilikuwa nachoka mpaka nasinzia na chombo cha kusikilizia kichwani. Ningelipa chochote nirudishiwe siku moja tu, yoyote, hata ya soko.

Nimerudi chumba kidogo kufuta vumbi. Daftari la Mwalimu lilikuwa wazi, rasimu ya imeli yake, kurasa mbili kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kwenye eksichenji tulikula kiapo kwamba tunachokisikia hatukisemi. Kusoma hakukutajwa. Nimesoma.

Anamwambia abaki. "Usirudi kwa ajili yetu, mwanangu. Sisi tupo, na tuko sawa."

Hatuko sawa. Nimelia kwenye kitambaa cha kompyuta.

Jumatatu, 17 Mei

Mwalimu amekwenda kliniki ya magoti. Salim amekuja. Amefunga, hufunga Jumatatu na Alhamisi, kwa hivyo hapakuwa na chai ya kupika. Nikakaa sebuleni.

Modemu ikapiga. Ikalia. Ikanyamaza. Nikainuka, nikainua risiva. Mvua juu ya mabati. Salim akatoka chumbani mbio.

"Mama Wakesho, wafanya nini hapo?"

"Nasikiliza kama wameshikana."

Akakaa chini kwa kucheka. Mtu mwenye saumu, machozi yanamtoka. "Laini yako haina maradhi," akasema. "Maradhi ni wewe."

Ndiyo sheria tuliyofundishwa. Ukiunganisha watu, na kelele zikinyamaza, huendi zako. Unaingia polepole, unasikiliza mpaka usikie sauti mbili. Ukisikia moja tu, unauliza, "Mnaongea?" Ndipo unatoka. Nimefanya hivyo maelfu ya mara. Ninafanya bila kujua kwamba ninafanya. Kumbe mashine hizi hazivumilii mtu wa tatu. Ukiinua tu zinaachana, na ile mvua ndiyo mazungumzo yao. Wiki nzima nimekuwa nikimkatia mume wangu simu kwa bidii ya kazi!

Salim akaniambia nisiguse tena, nimwambie na Mwalimu. Nikasema nitamwambia.

Mwalimu amerudi saa saba. Sikumwambia.

Jumanne, 18 Mei

Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Saa nne amepiga. Nilikuwa sebuleni. Ikalia, ikanyamaza. Niliinua nikijua.

Saa tisa amepiga tena. Niliinua tena nikijua.

Siku tatu zimebaki. Bila neno la babake, Wakesho hatasaini, namjua. Ataona kimya, atakata tiketi. Nilijiambia hivyo na risiva mkononi. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kukata mtu makusudi, hata wale wa matusi. Ningemfukuza msichana wa eksichenji kwa jambo hili, na asingepata hata barua ya sifa.

Jumatano, 19 Mei

Mwalimu anafikiri kosa ni lake. Amesema kwa ile sauti yake ya paredi, majirani wote wakasikia, "Labda maneno ni mengi mno. Laini ni nyembamba."

Amekaa asubuhi yote akipunguza. Kurasa mbili zimekuwa moja. Amejaribu, nimekata. Ukurasa umekuwa mistari sita. Amejaribu, nimekata. Alasiri nimechungulia kwenye kioo. Imebaki, "Mwanangu, baki. Baba." Ameyatazama yale maneno matatu muda mrefu, kisha akayazungushia kidole kama anayetafuta mahali pa kupunguza tena.

Mtu huyu aliwahi kumwandikia Wakesho barua za kurasa nane akiwa bwenini, na za kumkosoa hesabu. Nimejichukia.

Alhamisi, 20 Mei

Nimemwandikia kwenye daftari: Laini imepona. Andika yote, kama mwanzo.

Akaniangalia juu ya miwani. "Una hakika?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akachapa kwa vidole viwili kuanzia saa tatu hadi saa sita na nusu. Alipoweka kiganja juu ya modemu nilikuwa sebuleni nimesimama. Mapigo. Kilio. Kimya. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Uliufikia ule ubaridi wa risiva. Nikauondoa mkono nikatoka nje kabisa, nikaenda kwenye kamba ya nguo, nikaanua nguo ambazo hazijakauka. Nilisikia Mwalimu anapiga kelele ndani, "Imekwenda! Imekwenda, Mama Wakesho!"

Nikarudi, nikapiga makofi. Aliniona nalia akadhani ni furaha, akanipa leso yake. Sijamwambia ni nani aliyekuwa anakata. Daftari hili peke yake ndilo linajua.

Ijumaa, 21 Mei

Amesaini.

Jibu lilikuwepo asubuhi tulipofungua. Refu. Mwalimu alinisomea kwa sauti, neno kwa neno, kama Waraka kanisani. Wakesho anasema amesoma barua ya babake mara tatu, ya mwisho kwenye basi. Anasema ni kama amekaa naye.

Alipomaliza akazima kompyuta, akaifunika kitambaa mwenyewe. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje. Ugali sikumwona akiugusa. Nikamwandikia: Si ndivyo ulivyotaka?

Akasoma. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliongea kwa sauti ndogo, ilinibidi niiname.

"Nilidhani atabishana," akasema.

Nilikaa naye pale mpaka jua likageukia upande wetu.

Jumapili, 30 Mei

Mvua kidogo usiku. Vumbi limelala.

Imeli inakwenda na kurudi kila siku sasa. Mwalimu na bintiye wanabishana kuhusu mpira, kuhusu Biblia, kuhusu kama ng'ombe wa Kanada wana pembe. Anacheka peke yake chumbani. Kisha jioni anakaa kwenye ngazi na sahani inarudi jikoni ilivyo.

Leo Wakesho ameandika mbili. Ya pili ilikuwa ya kwangu. Anauliza kimanga kinapikwaje, amepata muhogo duka la Wahindi na anataka kujaribu. Nimeketi kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza. Nimemweleza yote, kuloweka maharagwe, kuchemsha pamoja na muhogo, kuponda kukiwa bado na moto. Imejaza kioo kizima.

Mwishoni niliandika neno rudi. Nikalifuta. Nikaandika kwamba huku mvua imenyesha kidogo, na babake anakula vizuri.