Taulo la Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeunguza shati la mteja. Mimi! Dobi wa miaka yote hii! Nilikuwa napiga pasi, kinyozi wa jirani akafungulia redio, wimbo wetu huo wa enzi za bendi ya kaka yangu. Ila si sisi tuliokuwa tunapiga, ni vijana wa bendi mpya. Tarumbeta zikaingia mapema, vilevile kama zetu za zamani. Nikaduwaa, pasi iko juu ya kola. Harufu ndiyo iliyonizindua.

Yaani wameiga hata kosa!

Siku tunarekodi nilikuwa msichana, mwanamke peke yangu kwenye tarumbeta. Kaka alikuwa mwimbaji, mtunzi, bosi na mnoko. Alikuwa na sheria moja: hakuna kuhesabu, tazameni taulo. Akijifuta uso, tarumbeta zote ndani. Sasa studio ilikuwa tanuri. Jasho likamwingia machoni, akajifuta, kujifuta tu maskini ya Mungu, na sisi tukalipuka! Yeye yuko katikati ya neno. Nusura atumeze. Fundi mitambo akasema utepe umekwisha, basi ikabaki hivyohivyo. Na pale pale penye kosa ndipo watu walipopapenda. Wimbo ukatuzungusha kumbi zote za dansi. Tangu hapo, kila bendi ya fanki yenye tarumbeta inaingia mapema, eti ndiyo ufundi. Kaka hakuwahi kuwasahihisha. Wala sisi hakuwahi kutusamehe.

Jioni akaja binti wa kinanda, kiongozi wa hao vijana. Jumamosi wana onyesho la kumuenzi Kaka. Shikamoo yake ya adabu, macho yamejaa matumaini. Anataka nimshawishi mzee apande jukwaani, akae tu kitini aonekane. Nikamwambia nitajaribu. Hajui anachokiomba. Tangu Kaka apasuliwe koo, sauti imekwenda, kabaki na mnong'ono. Hatoki nje. Redio nyumbani kwake marufuku.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda. Wifi alinifungulia mlango akanikonyeza, maana yake leo kaamka na kisirani. Nikajikaza, nikasema yote kwa pumzi moja.

Kaka akaninong'oneza, "Mwimbaji hana sauti, jukwaani anakwenda kuuza sura?"

Nikamjibu hiyo sura yenyewe hata kwa mkopo haiendi. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kaka, wapi.

Njiani nililia. Halafu nikakasirika. Nimevuta tarumbeta yangu uvunguni, nikafuta vumbi, nikapuliza. Kinyozi akaja mbio kuuliza kama bomba limepasuka. Meno haya ya bandia nayo yanacheza, nikikaza midomo yanataka kutangulia mbele. Lakini nitapiga! Nimempigia simu binti nikamwambia bibi yake yumo.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike polepole.

Kaka kaja mazoezini! Wifi alimwambia nakwenda kuuaibisha ukoo kwa meno mapya, akavaa koti akaja kulinda jina. Kakaa karibu na mlango, kanuna, hata salamu za vijana kaitikia kwa kidole.

Vijana wakapiga. Safi, hakuna doa, lakini wote wanahesabu, miguu inagonga sakafu kama wanaponda mende. Wakafika penye kosa, wakaingia kama ilivyo kwenye santuri. Nikamwona Kaka anakunja uso. Akaniita, akaninong'oneza sikioni, "Wanakosea bila kukosea."

Wakaanza upya, nikiwa nimejiunga nao. Chumba kidogo, feni imekufa, Kaka koti hataki kulivua. Nikamwona anatia mkono mfukoni. Akatoa taulo. Kumbe bado anatembea nalo! Akajifuta uso.

Nikalipuka. Sikufikiri hata kidogo! Wimbo ndio kwanza uko mwanzo, haujafika popote, na mimi nimepasua paa peke yangu. Vijana wakakata muziki. Binti akauliza kwa upole kama bibi yuko salama.

Kaka ndiye aliyeanza. Mabega kwanza. Halafu kichwa. Alikuwa anacheka! Sauti haitoki, lakini machozi yanamwagika. Wifi akaweka mkoba chini, akalia waziwazi. Hajamwona akicheka tangu hospitali.

Ikabidi niwaeleze vijana habari ya taulo. Yule wa saksafoni alikaa chini kabisa, eti miezi mizima amekuwa akilihesabu jasho la mzee. Kaka akasimama, akavua koti. Binti alisogeza sikio, kisha akatutangazia maneno yake:

"Anasema acheni kuhesabu. Mtazameni yeye."

Tumepiga mpaka jua likazama. Taulo juu, taulo chini, katufanyia vituko, kajifuta mara mbili mbili ili atunase. Midomo yangu imevimba. Ng'ombe hazeeki maini! Nina furaha mpaka naona aibu.

Ijumaa, 8 Machi

Hajasema ndiyo. Hajasema siyo. Asubuhi kaja dukani na mataulo matano, kayaweka juu ya meza, kaondoka. Nimeyafua kwa mkono, nimeyapiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Nyuma ya jukwaa. Naandika juu ya kasha la tarumbeta. Ukumbi umefurika, mpaka madirishani watu. Wako wa rika letu, wako na wajukuu. Kinyozi nimemwona, kanipungia kitana.

Kaka yupo! Suti ya zamani, imembana tumboni. Taulo liko begani, kavu, mikunjo ya pasi yangu inaonekana. Wameweka kiti katikati, kasema hakitaki, kitolewe. Binti kaenda kukitoa mwenyewe.

Humu ndani joto balaa. Jasho linamtiririka Kaka kutoka utosini mpaka kidevuni, linadondoka kwenye tai. Wifi kachukua leso amfute. Kaka kamshika mkono, kautua chini taratibu. Kamnong'oneza, nami nimesikia: "Bado."

Vijana wote wamemkodolea macho, hakuna anayegonga mguu. Tone jingine hilo limefika jichoni. Linamchoma, namjua. Anapepesa tu. Hafuti.

Pazia hilo linafunguka, naitupa kalamu, macho kwenye taulo.