Tumbo la Baba

Kaka Wendell mpendwa,

Huku Kentucky tumbaku imestawi, na mbwa wako kazeeka ila bado anakula. Mimi ni muuguzi yuleyule wa wodini, huku nasoma kwa mtandao niwe muuguzi wa kutibu familia. Jumanne nilitakiwa kujirekodi nikimpima mtu, nikamlaza Baba kwenye kochi.

"Usinitekenye, daktari wa kompyuta!" akanitania.

Nilipobonyeza tumbo, uvimbe mkubwa ulidunda chini ya vidole vyangu. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa umetanuka; ukipasuka, hafiki hospitali. Nikaondoa mikono taratibu.

"Vipi, umefeli?"

"Nimefaulu, Baba. Vaa viatu."

Jana wamempasua, na amezinduka. Anasema usijisumbue kuja. Njoo.

Dada yako,
Twyla